Chipu si chipu tu: tuulize kiwanda kinatengeneza nini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na kama itabidi ukate, kata tu, lakini tafadhali usikate ile sehemu ya RAM, yaani memori ya kompyuta. Kwa miezi sasa kila nikifungua kurasa za biashara, za gazeti lako na za wengine, naona maneno yale yale, ati akili unde imeshika dunia, chipu zinatafutwa kila pembe, kwa hivyo kampuni yoyote inayotengeneza chipu itatajirika na mwenye macho anunue hisa mapema. Hii maneno imefika hadi kwenye chama chetu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, amestaafu kutoka benki na ndiye hutushauri mambo ya uwekezaji, alisimama mkutanoni akasema pesa tulizoweka kwa MMF (mfuko wa soko la fedha) zitolewe tununue hisa za kampuni za chipu za Marekani kupitia hizi app za simu, kampuni yoyote ile, na hata ile iliyoshuka bei ndiyo bora zaidi kwa sababu lazima itapanda. Nikamuuliza, mzee, kampuni gani, na inatengeneza chipu gani? Akanijibu, "Kijana, chipu ni chipu." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea. Mimi sikucheka.

Kazi yangu ni kompyuta, nauza na kutengeneza hapa Luthuli Avenue, na kwa sababu mzigo wangu unategemea maamuzi ya watu walio Korea, Taiwan na Marekani nimejizoesha kusoma ripoti za hizi kampuni zikitoka, si kwa kupenda hesabu, ni kwa kuogopa kununua stoki leo alafu bei ianguke kesho nikiwa nimeshikilia maboksi. Na kitu nimeona ni kwamba ukiuliza tu kama chipu zinahitajika hujauliza kitu, siku zote zinahitajika. Uliza kiwanda kina uwezo wa kutoa wafa (zile sahani za silikoni zinazotengenezewa chipu) ngapi kwa mwezi, huo uwezo umejaa kiasi gani, na wanaujaza na bidhaa gani. Kampuni mbili zinaweza kuwa kwenye soko moja, mwaka mmoja, zote zinasifiwa, alafu moja ikafunga mwaka na faida ya rekodi na nyingine ikakimbilia kortini ikingwe dhidi ya wadai wake.

Chukua kipande cha RAM ya laptopu. Ni kabodi kadogo kanakotoshana na kidole, kana meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na juu kumebandikwa vijumba vyeusi, mara nyingi vinne au vinane. Futa vumbi, inamisha chini ya taa, utaona jina: Samsung, au SK hynix, au Micron. Hao watatu ndio wanatengeneza zaidi ya asilimia 90 ya memori ya aina hii, inayoitwa DRAM, duniani, kwa hivyo hata kama stika ya juu ina jina lingine la kuvutia, ukiibandua karibu kila mara utamkuta mmoja wao chini. Mwaka wa 2023 hivi vitu vilikuwa vimejaa kila mahali. Watu walikuwa wamenunua kompyuta na simu kwa wingi wakati wa korona, viwanda vikaongeza kasi, kisha watu wakaacha kununua na memori ikabaki kwa maghala. Micron ikapata hasara ya dola bilioni 5.8 mwaka wake wa fedha wa 2023, kitengo cha chipu cha Samsung kikapoteza karibu woni trilioni 15, SK hynix nayo ikapoteza woni trilioni 7.7. Sisi huku tulikuwa tunakula raha, mteja akija na laptopu ya mitumba kutoka Uingereza unamwongezea RAM kutoka gigabaiti 8 hadi 16 na hata haoni uchungu.

Mwisho wa 2025 mambo yakageuka. Msambazaji wangu alianza kutuma bei asubuhi kwa WhatsApp na kuandika chini yake "bei ni ya leo tu", alafu jioni nikimpigia kuthibitisha ameshaibadilisha, na mteja niliyempa bei ya jana anasimama mbele ya kaunta ananiangalia kama mwizi. Hakuna kiwanda kilichoungua. Hakuna vita iliyofunga bahari. Kilichotokea ni kwamba wale watatu waligundua kuna memori nyingine inalipa zaidi, inaitwa HBM, ambayo chipu za memori zinabebanishwa nane au kumi na mbili na kuunganishwa na nyaya nyembamba sana zinazopita katikati yake, kisha zinawekwa ubavuni mwa zile prosesa kubwa za Nvidia za kuendesha akili unde. Shida ni kwamba HBM inakula wafa vibaya. Micron wenyewe wamesema kwa kiasi kile kile cha memori HBM inachukua karibu mara tatu ya wafa ambazo ungetumia kutengeneza DDR5, ile memori ya kawaida ya kompyuta. Kwa hivyo kila gigabaiti moja wanayompa mwenye seva wanaondoa kama tatu kwa mtu wa laptopu na simu, na kiwanda ni kile kile, hakijaongezeka hata chumba. Desemba 2025 Micron ikatangaza inaachana kabisa na biashara ya Crucial, jina ambalo limekuwa kwenye rafu zetu miaka nenda miaka rudi. Hawakuacha kwa sababu halikuuza. Waliacha kwa sababu kuna mahali pengine wafa ile ile inaleta pesa zaidi.

Sasa nieleze kwa nini hawajengi tu kiwanda kingine, kwa sababu hilo ndilo swali kila mteja huniuliza. Hapa nitatumia matatu. Mwenye matatu ya viti 33 amechukua mkopo, na benki inataka hela yake mwisho wa mwezi gari lijae lisijae. Viti haviongezeki kwa sababu stejini kuna foleni, akitaka viti zaidi lazima anunue gari jingine, na likifika pengine foleni imeshaisha. Kitu anachoweza kubadilisha ndani ya muda mfupi ni ruti, akaacha ile ya abiria wengi wa bei ya chini akaenda kwenye ruti ya nauli kubwa, na wale wa ruti ya zamani wabaki wanapigwa na jua. Kiwanda cha chipu ni hivyo tu, isipokuwa mkopo wenyewe ni dola bilioni 20 na zaidi kwa kile cha kisasa, ujenzi ni miaka miwili mitatu mambo yakienda sawa, na mashine moja tu ya kuchora chipu kwa ule mwanga wa EUV ni zaidi ya dola milioni 150 na inatengenezwa na kampuni moja pekee duniani, ASML ya Uholanzi. Hata kiwanda kikiwa tayari, wafa ikiingia leo inachukua kama miezi mitatu kutoka upande wa pili ikiwa chipu. Kwa hivyo bosi wa kampuni ya chipu anaamua leo kuhusu soko la miaka mitatu ijayo, na anaamua kwa pesa ambazo hawezi kuzirudisha.

Ndio maana kiwanda nusu tupu ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mashine zinahesabiwa uchakavu kila mwaka kwenye vitabu, zikitumika zisitumike, na huo uchakavu unagawanywa kwa chipu zilizotoka. Zikitoka chache kila moja inabeba mzigo mkubwa. (Na hapa mwekezaji awe macho, mwaka wa 2023 Intel ilibadilisha tu hesabu ikasema mashine zake sasa zinaishi miaka 8 badala ya 5, na faida kwenye karatasi ikapanda bila hata chipu moja zaidi kutoka. Si wizi, inaruhusiwa, lakini ujue.)

Kuhusu bidhaa zenyewe, hesabu iko kwenye wafa. Wafa ya kisasa ni sahani ya silikoni ya kipenyo cha sentimita 30. Chipu ya Nvidia ya H100 ina ukubwa wa milimita mraba 814, kwa hivyo kwenye sahani moja unatoa kama sitini hivi, na hapo bado hujatoa zenye kasoro. Chipu ya simu ya milimita mraba 100 unatoa kama mia sita. Doa moja dogo likianguka kwenye wafa ya kwanza umepoteza moja kati ya sitini, likianguka kwa ya pili ni moja kati ya mia sita. Kwa hivyo ile chipu kubwa lazima iuzwe bei kali sana kufidia, na kwa sasa inauzwa hivyo, na ndio maana TSMC ya Taiwan, inayotengenezea wengine chipu kama hizo, inakula vizuri. Mwaka wa 2024 asilimia 69 ya mauzo yake ya wafa yalitoka kwenye teknolojia ya nanomita 7 kushuka chini (namba ikiwa ndogo teknolojia ni mpya zaidi), faida ghafi ikawa asilimia 56. Lakini hata wao walikwama, mwaka wa 2023 wafa zilikuwepo na bado Nvidia ilikuwa inangoja, kwa sababu kilichopungua ni sehemu ya kuunganisha prosesa na HBM kwenye bodi moja, ile wanaita CoWoS. Mtu akikuambia kampuni ina uwezo mkubwa muulize uwezo wa nini, kwa sababu mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua.

Mfano mzuri wa kumwonyesha mzee wetu ni Samsung na SK hynix. Samsung ilikuwa mfalme wa memori kwa zaidi ya miaka 30, viwanda vikubwa kuliko vya mtu yeyote. Kama uwezo pekee ungetosha ingekuwa bado iko juu peke yake. SK hynix ilitengeneza HBM ya kwanza mwaka wa 2013 ikishirikiana na AMD, kampuni ya prosesa ya Marekani, na kwa miaka mingi ilikuwa biashara ndogo tu ambayo mhasibu yeyote angesema ifungwe, lakini wakaishikilia, na akili unde ilipolipuka wakawa ndio wako tayari. Samsung ikachelewa, HBM3E yake, lile toleo jipya la HBM, ikakaa muda mrefu bila kupita mitihani ya Nvidia. Mwaka wa 2024 SK hynix ikapata faida ya uendeshaji ya woni trilioni 23.5, kubwa kuliko zote kwenye historia yake, na robo ya kwanza ya 2025 ikaipita Samsung kwa mauzo ya DRAM. Mdogo akampita mkubwa na hakuwa na wafa nyingi kuliko yeye. Na kichekesho ni kwamba wote walipokimbilia HBM, ile memori ya kawaida waliyoidharau ikawa adimu na bei yake nayo ikapaa, kwa hivyo aliyebaki na wafa za kawaida naye akaanza kucheka. Hii biashara haina mtu wa kudumu juu.

Lakini msije mkasema basi bidhaa nzuri inatosha. Angalieni Wolfspeed ya Marekani. Hawa walikuwa na kitu ambacho kila mtu alisema ni cha siku zijazo, chipu za silikoni kabidi za magari ya umeme, zinavumilia joto na volti kubwa kuliko silikoni ya kawaida. Wakauza biashara yao ya LED, baadaye wakauza na ile ya mawasiliano ya redio, ili wabaki na hiyo moja tu. Wakajenga kiwanda kikubwa huko Mohawk Valley, New York, kikafunguliwa 2022, cha kwanza duniani cha aina yake kutumia wafa za milimita 200. Kufikia katikati ya 2024 kilikuwa kinatumika asilimia 20 tu. Asilimia 20! Soko la magari ya umeme lilikuwa limepoa, Wachina wameingia na bei za chini, na deni liko pale pale likisubiri riba. Juni 2025 wakaomba ulinzi wa kufilisika wakiwa na deni la karibu dola bilioni 6.5. Wakati wanaanguka, magazeti yalikuwa bado yanaandika kwamba magari ya umeme ndiyo yajayo, na pengine ni kweli, lakini benki haingojei yajayo.

Intel nayo, ambayo ndiyo mzee aliitaja kwa jina kama ya bei nafuu, inahitaji kuelezwa taratibu. Mwaka wa 2018 Intel ilikosa chipu za kutosha. Ilikuwa imepanga kuhamia teknolojia ya nanomita 10 miaka kadhaa nyuma, ikashindwa ikachelewa, kwa hivyo kila kitu kikabanana kwenye nanomita 14: prosesa za seva, za kompyuta za mezani, za laptopu, hadi modemu za iPhone. Na wakati huo huo AMD imerudi na prosesa zake za Ryzen, Intel ikalazimika kuongeza koa, zile sehemu za kufanya hesabu ndani ya chipu, kutoka nne hadi sita hadi nane, chipu ikawa kubwa zaidi na kila wafa ikatoa chache zaidi. Yaani uwezo ulipungua bila mashine hata moja kuzimwa. Septemba mwaka huo Bob Swan, ambaye alikuwa mkuu wa fedha akikaimu ukurugenzi, aliandika barua ya wazi kwamba watatanguliza Xeon za seva na Core za hali ya juu, na kwamba upungufu utasikika hasa kwenye kompyuta za bei ya chini. Tafsiri ya huku Luthuli ni kwamba Celeron na Pentium, zile za mwanafunzi na za saiba, zilianza kutafutwa na tochi.

Sasa sikiliza. Mwaka huo wa upungufu Intel iliuza dola bilioni 70.8, rekodi, na 2019 ikauza bilioni 72. Ukiangalia hayo mauzo peke yake utasema hawa jamaa ni mahodari, wamechukua nafasi chache walizo nazo wakazijaza na bidhaa za bei kali. Na kwa muda huo mfupi walikuwa sahihi. Lakini mtengenezaji wa laptopu za bei ya chini hakungoja, alimfuata AMD, na akishabadilisha bodi, na programu, na mkataba, harudi kwa sababu tu umempigia simu. Mimi mwenyewe ndipo nilipoanza kuweka laptopu za AMD kwenye rafu ya mbele, kabla ya hapo mteja akisikia AMD alikuwa anauliza kama ni feki. Kuacha bidhaa za chini ni rahisi sana kwenye karatasi. Ukizitaka tena ndio utaona.

Kisha ikaja ile ya pili. Mwaka wa 2021 Pat Gelsinger, mkurugenzi mkuu wa Intel wakati huo, akasema Intel itajenga viwanda vingi na itatengenezea hadi kampuni nyingine. Ohio ikatangazwa Januari 2022 kwa zaidi ya dola bilioni 20, ianze kazi 2025, sasa wanasema 2030 au hata 2031. Kule Ujerumani wakafutilia mbali. Kitengo cha viwanda kikapata hasara ya uendeshaji ya dola bilioni 7 mwaka wa 2023 na zaidi ya bilioni 13 mwaka wa 2024, na kampuni nzima ikafunga 2024 na hasara ya bilioni 18.8. Na cha kuchekesha, au kuliza, ni kwamba prosesa yao nzuri ya laptopu ya mwaka huo, Lunar Lake, kazi kubwa yake ilifanyiwa TSMC, kwa jirani, wakati wao wana majumba yao wenyewe ya kulipia. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikakubali kuchukua karibu asilimia 10 ya hisa. Alafu Oktoba ya mwaka huo huo wa 2025 Intel ikasema nini? Kwamba uwezo wa teknolojia zake za zamani hautoshi, na watatanguliza chipu za seva kuliko zile za kompyuta za bei ya chini. Ile ile ya 2018! Kampuni moja, wakati mmoja, ina viwanda vinavyoiletea hasara na bado ina upungufu, kwa sababu kinachotakiwa na kilichojengwa si kitu kimoja. Sisemi isinunuliwe. Pengine itapanda, serikali yenyewe ni mwenye hisa. Nasema anayenunua kwa sababu chipu ni chipu hajui ananunua nini.

AMD kwa upande wake iliamua kutoka kwenye viwanda kabisa, 2009 ikavitenga vikawa GlobalFoundries kwa pesa za Abu Dhabi. Watu husimulia kama hadithi tamu lakini haikuwa tamu mwanzoni, mkataba uliwafunga kuchukua wafa kwa kiasi fulani watake wasitake, na Desemba 2012 wakakubali kulipa dola milioni 320 ili tu waponyoke kwenye wafa ambazo hawakuzihitaji. Waliokoka baadaye, GlobalFoundries ilipoacha mbio za nanomita 7 mwaka wa 2018 na AMD ikaenda TSMC. Lakini asiye na kiwanda naye anapiga foleni kwa mwenye kiwanda, na mbele yake kwenye hiyo foleni kuna Apple na Nvidia.

Kuna kampuni moja ambayo hakuna mtu huitaja kwenye chama na mimi naiona ya maana kwetu, Texas Instruments (TI) ya Marekani. Hawa wanatengeneza chipu za kuchosha, za kupima volti, za kuendesha mota, za chaja, makumi ya maelfu ya aina, na nyingi hazihitaji mashine za kisasa. Mwaka wa 2009 kampuni ya memori ya Qimonda ilipofilisika, TI ilienda ikanunua mashine zake za wafa za milimita 300 kwa dola milioni 172.5, pesa ambayo ni mzaha ukilinganisha na bei yake mpya, ikazipeleka Texas ikaanza kutengenezea chipu zake. Na 2021 ikanunua kiwanda cha Micron huko Lehi, Utah, kwa dola milioni 900. Kununua uwezo wakati mwenzako analia. Hata hivyo nao si malaika, mauzo yao yalishuka kutoka dola bilioni 20 mwaka wa 2022 hadi 15.6 mwaka wa 2024 huku wakiendelea kujenga, na wenye hisa wengine walinuna sana.

Na chipu hizo za kuchosha ndizo zilizosimamisha viwanda vya magari 2021, tusisahau. Kampuni za magari zilikuwa zimefuta oda mwanzo wa korona, wenye viwanda wakawapa wengine hizo nafasi, magari yakabaki uwanjani yamekamilika isipokuwa chipu moja ya dola chache ambayo hakuna aliyetaka kujenga kiwanda kipya kwa ajili yake.

Haya yote yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfuko. Simu ya bei ya chini ndiyo inaumia zaidi memori ikipanda, kwa sababu kwenye simu ya laki na nusu bei ya memori inamezwa na faida, kwenye simu ya elfu kumi haina pa kujificha. Tunaunganisha simu Athi River tangu Oktoba 2023 na nashukuru, vijana wamepata kazi, lakini memori iliyo ndani haitoki Athi River, na bosi wa Korea akihamisha wafa zake kwa HBM hakuna ruzuku ya hapa itakayombembeleza. Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto simu au laptopu ya masomo atalipa zaidi, au atauziwa yenye RAM ya 4 na ataambiwa inatosha. Haitoshi.

Ya pili ni Nyeri. Tuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited pale Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na Rais Ruto alipozuru Washington Mei 2024 Marekani ilisema inataka kuifanya Kenya ya kwanza Afrika kupata pesa za sheria yao ya CHIPS, ile ya kusaidia viwanda vya chipu. Mimi ni mtu wa kuunga mkono hii kitu, na wale wanaocheka mitandaoni ati Nyeri haiwezi kushindana na Taiwan hawajaelewa, hakuna aliyesema ishindane na Taiwan. Teknolojia ya zamani, vihisi, chipu za mita za umeme na maji, vitu vya TI, huko kuna nafasi na mashine zake si za dola milioni 150. Lakini taarifa nyingi ninazosoma zinahesabu viongozi waliotembelea, na nafasi za kazi zitakazokuja, na mikono iliyopeanwa. Sijaona mtu ameandika uwezo wa pale ni upi, wafa za ukubwa gani, bidhaa gani zinachukua sehemu kubwa ya hizo wafa, na kama kuna mnunuzi ametia sahihi mkataba wa kuchukua mzigo mwaka mzima au wanauza kwa oda ndogo ndogo. Hayo ndiyo yaliyomwangusha Wolfspeed akiwa na sifa zote na teknolojia yote. Mwandishi wako akipanda tena kwenda huko, ule wakati wa picha ukiisha, amtafute anayesimamia zamu ndani ya kile chumba kisicho na vumbi amuulize mwezi uliopita zilitoka wafa ngapi na zilienda kwa nani.

Wasalaam,
Fundi wa kompyuta,
Luthuli Avenue, Nairobi